Goti la Kushoto

Machi 4

Mama mkwe amefika leo, yeye na mvua kwa pamoja, sijui nani kamleta mwenzake. Jengo letu halina lifti na sisi tuko ghorofa ya tatu. Kila alipofika kwenye kona ya ngazi alisimama kuusifia ukuta. "Rangi nzuri hii," alisema, na ukuta wenyewe umebanduka mpaka matofali yanachungulia. Nilijua anapumzika, na yeye alijua kwamba najua, lakini tuliendelea kuusifia ukuta hadi mlangoni.

Magoti yake yamevimba na kumuuma kwa miaka. Amemeza kila aina ya kidonge, amechuliwa, amekandwa, amefungwa bendeji, na yeye na magoti yake bado hawajaelewana. Sasa kliniki ya utafiti ya hapa mjini inajaribu dawa mpya kwa watu wachache, naye amekubaliwa. Ndiyo maana yuko kwetu. Mume wangu yuko mbali, anachimba handaki la reli, na hatarudi hadi mvua ziishe. Kwa hiyo msimu huu ni mimi na mama yake, ana kwa ana, vyumba viwili na jiko.

Nimeanza kuandika humu ili nisije nikaropoka kwa mdomo.

Machi 5

Anasema sufuria zangu zimepangwa kama za mtu anayehama kesho.

Machi 6

Amezipanga upya. Asubuhi nzima nimetafuta mfuniko wa birika.

Machi 9

Leo kliniki. Daktari anayeongoza utafiti ni binti mwenye sura changa, na Mama hakumtambua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi, Mama."

Mama akamkagua toka juu hadi chini. "Haya. Wenzako wanaruka kamba, wewe umeshika sindano." Daktari alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Tangu hapo Mama anamwita Daktari Kinda, mbele yake na nyuma yake.

Alitueleza dawa yenyewe vizuri, bila kutuona wajinga. Mwili ukiumia, alisema, hutuma askari, na askari hao humwaga kemikali kali za kuulia adui. Kwa mtu mwingine wakimaliza kazi hurudi kambini. Kwenye magoti ya Mama hawarudi. Wanamwaga, ile kemikali inachoma nyama ya kiungo, kiungo kinavimba, na uvimbe unaita askari wengine.

"Nani kawapa amri?" Mama aliuliza.

"Hilo bado tunalitafuta, Mama. Kwa sasa tunataka tu kuwapokonya silaha."

Dawa ni chembe za nano, ndogo kiasi kwamba ukizipanga maelfu kwa maelfu hazifiki unene wa unywele. Zinachomwa ndani ya goti na kazi yake ni kuifyonza ile kemikali kali. Dawa nyingine zikifyonza mara moja zimekwisha. Hizi zinafyonza, zinajirudi zilivyokuwa, zinafyonza tena. Nikauliza zimetengenezwa kwa kitu gani. Akasema ni oksidi ya seriamu.

Nilikaa wima. Mimi ni fundi wa lenzi. Karakana yetu iko nyuma ya duka la miwani, na kila siku ya kazi nang'arisha vioo kwa poda yenye rangi ya waridi iliyokolea vumbi, na kopo lake limeandikwa jina hilohilo. Kucha zangu hazijawahi kutakata tangu nianze kazi hiyo. Nilimwonyesha Daktari vidole.

"Kumbe tuko kazi moja," alisema. "Hiyo yenu na hii yetu ni ndugu."

"Ndugu wa karibu?" Mama aliuliza.

"Baba mmoja, mama mmoja. Ila yenu ni jitu."

Tulicheka sote. Kisha akatupa masharti. Goti la kulia litachomwa dawa. La kushoto litaachwa lilivyo hadi mwisho wa msimu, ili walinganishe. Mambo yakienda sawa, nalo litachomwa. Katikati hapo hakuna dawa nyingine wala kupaka chochote bila kumwambia.

"Yaani la kushoto litakaa linamtazama mwenzake akila," alisema Mama.

"Litasubiri, Mama. Hilo ndilo linalotufundisha."

Njiani kurudi, chini ya mwavuli mmoja, Mama alilipapasa goti lake la kushoto na kuguna.

Machi 13

Mvua. Nguo hazikauki, nimefunga kamba sebuleni, tunapita tumeinama.

Nimekuja na kikopo cha poda kutoka karakana ili nimwondolee mikwaruzo kwenye miwani yake, maana ni ya kioo cha zamani na imechakaa mpaka nashangaa anaona nini. Nilichanganya poda na maji kidogo, nikasugua kwa kitambaa cha sufu pale mezani jikoni. Alikaa akinitazama mikono, kwa mara ya kwanza bila kunirekebisha.

"Inaondoa mikwaruzo yote?"

"Midogo yote, Mama."

"Taratibu tu hivyo?"

"Taratibu tu. Ukiharakisha unaharibu."

Aliivaa, akageuka huku na huku, akanitazama usoni. "Kumbe una chunusi," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yangu.

Machi 16

Amechomwa goti la kulia. Hakukunja hata uso. Benchi moja naye alikuwapo mzee mmoja mchekeshaji, zamani alifundisha timu ya wasichana mpira wa pete, kila mtu anamwita Kocha. Yeye ugonjwa wake uko begani. Mkono wa kulia haupandi juu ya kifua. Ameshachomwa mara moja na anasubiri sindano ya pili mwezi ujao.

"Sindano ya kwanza imenifikisha hapa," alimwambia Mama, akauinua mkono hadi kwenye kola ya shati. "Ya pili nataka inifikishe kichwani, nichane nywele."

"Nywele zipi?" Mama aliuliza.

Wameshakuwa marafiki.

Machi 20

Hakuna la maana. Amekataa mto wangu wa kiti, amekataa supu yangu, amekataa nimfulie. Kila kitu anafanya mwenyewe, polepole, huku akihema. Mimi nikisimama karibu anasema namzibia mwanga.

Machi 23

Leo nimepasuka. Nimetoka kazini nimelowa chapachapa, nakuta ameinama chini anapiga deki jikoni, na daktari alimwambia asipige magoti. Nikamwambia aache. Akasema yeye si mgeni wa kuletewa maji ya kunawa. Nikatoka kwenye ngazi kumpigia mume wangu simu, nikamwaga yote. Anahema, hasaidiki, anagusa kila kitu changu. Mwisho nikamuuliza, "Hivi mama yako anakaa mpaka lini?"

Akasema, "Mvumilie, mke wangu." Ni rahisi kumvumilia mtu ukiwa ndani ya handaki.

Nikikasirika sauti yangu hupanda, najijua. Niliporudi ndani Mama alikuwa amekaa anakunja nguo, mpole ajabu. Nikadhani amechoka.

Machi 30

Jamani. Leo asubuhi ameinuka kwenye kiti bila kushika meza. Hakuwa na habari. Aliinuka kufuata birika, akalifikia, akalishika, ndipo akagundua. Akabaki amesimama na birika mkononi. Akarudi kukaa, akainuka tena, akakaa, akainuka. Mara ya mwisho alinitazama kwa pembe ya jicho kuona kama namtazama.

"Limenyamaza," alisema, akionyesha la kulia.

Sikutegemea kufurahi kiasi hiki. Nilikwenda kazini natabasamu peke yangu, na Fundi Mkuu akaniuliza kama nimeokota kitu.

Aprili 3

Goti la kulia limepungua uvimbe, linaonekana sasa umbo lake. La kushoto bado ni lilelile, limejaa na lina joto. Anatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Kwenye ngazi anatanguliza la kulia na kulivuta la kushoto, na safari hii hakuusifia ukuta hata mara moja.

Jioni aliniuliza mwisho wa msimu hasa ni lini. Nikamwambia, mvua zikiisha. Akachungulia dirishani. Ilikuwa inanyesha kama imetumwa.

Aprili 8

Ameniomba mafuta ya nazi ya kujipaka mwilini, ngozi inakauka. Nimemletea chupa kubwa.

Aprili 10

Amekula supu yangu. Amesema chumvi imepungua, lakini amekula.

Aprili 15

Siku mbaya.

Tulikwenda kliniki kwa ukaguzi wa kawaida. Mama alipandisha gauni, na Daktari, aliyekuwa anaongea na kucheka, akakata maneno. Goti la kushoto, lile lisilochomwa, lilikuwa limewiva. Vipele vyekundu vimelizunguka lote, na pembeni ngozi imechubuka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona, kwa sababu Mama huvaa na kuvua peke yake, mlango umefungwa.

"Hii imeanza lini, Mama?"

"Si siku nyingi."

"Umepaka chochote?"

"Mafuta yangu tu ya ngozi."

Daktari aliinama, akagusa, akanusa hata, akaita wenzake wawili. Walisimama kwa mduara wakinong'ona. Nilielewa wanachoogopa kabla hawajatuambia. Dawa ilichomwa kulia, na ngozi imeharibika kushoto. Kama zile chembe zimetoka kwenye goti moja zikasafiri mwilini mpaka jingine na kufanya vurugu huko, basi zinaweza kufika popote, kwenye ini, kwenye figo, kwa mgonjwa yeyote. Daktari, mtoto wa watu, midomo ilikuwa imemkauka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuanzia leo sindano zote zimesimamishwa, kwa wagonjwa wote, mpaka wajue.

"Wote?" Mama aliuliza.

"Wote, Mama. Siwezi kumchoma mtu kitu nisichokijua kinakwenda wapi."

Nje kwenye benchi Kocha alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Leo ilikuwa zamu yake ya sindano ya pili. Muuguzi alimweleza, naye akaitikia kwa kichwa na kusema haidhuru. Kisha akajaribu kuinuka na kofia ikamwanguka, akaiokota kwa mkono wa kushoto huku ule mwingine umelala ubavuni. Mama alimtazama mpaka akatokomea getini. Mimi nikadhani anaogopa kwa ajili ya mwili wake. Nilimhurumia. Usiku nilipomwombea nilijikuta namwita Mama bila kuongeza mkwe.

Aprili 17

Mvua kutwa. Mama hali vizuri.

Aprili 19

Kliniki wamempima damu, mkojo, na picha za kila namna. Hawaoni kitu. Kutoona kitu kumewatisha zaidi.

Tumemkuta Kocha, amekuja kuuliza tu. Anasema bega limeanza kurudi kule lilikokuwa. Aliuinua mkono kumwonyesha Mama na ukaishia kwenye kifungo cha pili. "Nimeshuka daraja," alisema. Mama hakumtania. Kwa Mama hiyo ni dalili mbaya kuliko vipele.

Aprili 22

Sijui nianze wapi, ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Leo nilikuwa na mapumziko, nikaamua kufua shuka zake kabla hajaamka kunizuia. Alikuwa bafuni. Nikazivuta kitandani, na upande wa chini wa shuka, pale goti linapolala, kulikuwa na doa pana la rangi ya waridi. Nililigusa. Likanikwaruza vidoleni, unga laini wenye mafuta. Nikalinganisha na kucha zangu. Nisingeweza kukosea, poda ile nakula nayo, nalala nayo.

Nikaenda jikoni. Kikopo nilichokisahau juu ya rafu tangu siku ya miwani kilikuwa kitupu kabisa, kimeoshwa na kurudishwa mahali pake kwa adabu.

Alipotoka bafuni alinikuta nimekaa kitandani kwake, shuka magotini na kikopo mkononi. Alisimama mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Mama. Umejipaka poda ya miwani."

"Na mafuta," alisema. "Nilichanganya na mafuta."

"Kwa nini?"

Alikaa kando yangu, taratibu, la kulia kwanza. "Daktari Kinda alisema ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Nami nikaona wewe mwenyewe ukiondoa mikwaruzo yote kwa kusugua tu. Nikasema, kama inaweza kioo, itashindwaje nyama?"

"Alisema yetu ni jitu, Mama. Imetengenezwa ikwangue."

"Nilisugua taratibu. Ulisema ukiharakisha unaharibu." Alilifunika goti kwa kiganja. "Kila nikilala, mwenzake amenyamaza na hili linalia. Nililionea huruma."

Nilimweleza basi, polepole, kwamba poda ile haipenyi ngozi, inaikwaruza tu, na kila usiku alikuwa anajichubua kwa mkono wake. Kwamba dawa haijahama popote. Kwamba dawa ni nzima, na waliosimamishiwa sindano wamesimamishwa kwa sababu ya kikopo changu. Hilo la mwisho hakuhitaji kuelezwa.

"Toka siku ile najua," alisema. "Nilipoona mkono wa yule mzee umelala ubavuni, nikajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nitasemaje mbele ya wale watoto wasomi? Kwamba mtu mzima na akili zake kajisugua kama dirisha?" "Na nikisema, wataniondoa. Hili halitachomwa tena. Masharti nilisikia, sikuwa nimelala."

Ilikuwa kweli. Niliikunja ile shuka tukakaa. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya kibanda cha mlinzi. Nikamwambia ningeweza kumpigia Daktari simu mimi mwenyewe, yeye abaki nyumbani.

"Ulijipaka wewe?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa."

Aprili 23

Aliniomba mimi nimpake krimu aliyopewa na muuguzi kwenye vile vipele, kwa mara ya kwanza akaniachia goti lake. Lina moto. Sikujua lina moto kiasi kile. Msimu mzima nimekuwa nikimsikia anahema na kuona ni maringo.

Aprili 24

Alivaa gauni lake zuri. Alikataa nimshikie mkoba.

Daktari alikuwa na wenzake wote wawili chumbani, macho mekundu kwa kutolala. Mama hakukaa. Alitoa kile kikopo kitupu kwenye mkoba, akakiweka mezani katikati ya karatasi zao.

"Wanangu," alisema, "dawa yenu haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nilichukua poda ya kung'arishia miwani ya mkwe wangu, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikajisugua goti hili kila nilipolala, na kulifunga kitambaa. Mlipouliza nikasema ni mafuta tu. Mafuta yalikuwemo, kwa hiyo nusu nilisema kweli."

Hakuna aliyecheka. Daktari alikichukua kikopo, akakigeuza, akalisoma jina. Akanitazama mimi, nikaitikia. Akaketi, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama akadhani analia, akazunguka meza kumbembeleza. Kumbe anacheka, na kulia pia, vyote.

"Baba mmoja, mama mmoja," alisema Daktari. "Nilisema mwenyewe. Mdomo wangu, Mama."

"Na masikio yangu," alisema Mama.

Wakakwangua ngozi yake kidogo kupima, na kabla hatujamaliza chai ya muuguzi jibu lilikuwa limetoka. Punje kubwa za poda, za kiwandani, juu ya ngozi tu. Mmoja wa wenzake alitoka mbio kupiga simu. Sindano zinaanza tena kesho.

Kisha Daktari akawatoa wale wengine, akaketi karibu na Mama, akamshika mikono. Nilijua kinachokuja. Alisema kwamba goti la kushoto haliwezi tena kulinganishwa na la kulia, na kanuni hazimruhusu kuendelea kumhesabu Mama kwenye kundi hili. Wala sindano ya mwisho wa msimu hawezi kumpa.

"Najua, mwanangu," alisema Mama.

"Ulijua kabla hujaja?"

"Nilijua."

Daktari akavua miwani kufuta machozi. Mama ndiye aliyempigapiga mgongo na kumwambia ale vizuri, amekonda.

Tulipotoka, Kocha alikuwa benchini, ameitwa haraka, ameshasikia yote kwa muuguzi. Alisimama kwa heshima kama anamkaribisha mgeni rasmi. "Dada," alisema, "nasikia ulijing'arisha."

"Wewe kachane nywele zako," Mama akamjibu.

Nilimpenda mama huyu leo, na naandika hivyo wazi bila haya.

Aprili 27

Kocha amechomwa. Amepiga simu kutujulisha na kumuuliza Mama kama nimebakiza poda, kichwa chake kinahitaji kung'aa.

Mei 2

Mvua imepungua. Leo nimetoa nguo sebuleni.

Daktari amenipigia kazini. Kundi jipya la wagonjwa litaanza baada ya miezi michache. Kama vipele vitapona na ngozi ikawa safi, Mama anaweza kuingia kama mgonjwa mpya, na safari hii goti la kushoto ndilo litakalochomwa. Lakini lazima akaguliwe kila wiki, asiwe mbali. Nilitoka karakana mapema kwenda kumwambia.

Nilimkuta anafunga mkoba. Uko kitandani, wazi, nguo zimekunjwa kama za dukani. Nikamweleza yote, harakaharaka, nikitegemea aruke. Aliendelea kukunja.

"Mshukuru sana," alisema. "Lakini mimi naondoka. Goti moja linanitosha. Nyumbani kwangu hakuna ngazi."

"Mama, huo ni upuuzi."

"Ni upuuzi wangu."

"Umeteseka miaka yote, leo mlango umefunguka, unaondoka?"

Akaliweka chini gauni. Hakunitazama. "Siku ile kwenye ngazi, nilisikia. Sauti yako haina siri, mwanangu. Ulimuuliza mume wako mimi nakaa mpaka lini."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

"Ndipo nikaanza kulisugua hili," alisema. "Nilitaka yapone yote mawili upesi, nisikumalizie msimu wako. Nisingekuambia. Ila umenibana."

Nililia. Nililia kwa sauti ile ile isiyo na siri, majirani bila shaka wamesikia. Nikamwambia nisamehe. Akasema hakuna la kusamehe, lilikuwa swali la haki, hata yeye alikuwa anajiuliza. Hilo likanizidishia kilio. Kwa hiyo huruma ya goti ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa mimi, nimelowa, nimekasirika, nikipiga kelele kwenye simu, na yeye ndani akikunja nguo zangu.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Basi nakujibu mimi, yeye huko handakini hajui kitu. Unakaa mpaka goti la kushoto lipone."

"Hii dawa wanajaribu tu. Na lisipopona?"

"Lisipopona ndiyo hutoki kabisa."

Aligeuka dirishani, mgongo kwangu. Nikaona anapitisha kiganja machoni, mara moja, upesi.

"Basi ondoa huo mkoba kitandani," alisema. "Goti linaniuma, nataka kulala kidogo."

Nikauondoa.